Fatiha Niliyoisoma Bila Kujua

Tangu nirudi kila mmoja wenu ananiuliza kwa namna yake. Walimu wenzangu mnauliza Uturuki kukoje. Majirani mnauliza ilikuwaje nikakaa kule siku zote zile. Wengine hamuulizi kitu, mnaketi tu mkekani na kunitazama. Nimeona niandike mara moja, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nafika mahali sauti inakatika, anayenisikiliza anaanza kunibembeleza, na habari inaishia hapo.

Mnajua nilikwenda kwenye semina ya walimu, wiki mbili, kujifunza historia na utamaduni wa Waturuki ili tukirudi tuwafundishe wenzetu. Mnajua pia kwamba mama yangu, Muanacha, alifariki nikiwa kule, na kwamba niliambiwa siku nyingi zilipokwisha kupita. Habari za pasipoti na fomu nitaziacha. Zinachosha, na hazina mtu ndani yake.

Kutoka Mocímboa hadi Pemba

Tuliochaguliwa kutoka upande wetu tulikuwa wawili. Mimi, Atija, mwalimu wa historia hapa Mocímboa da Praia, na Professor Anselmo, mwalimu wa jiografia Mute, kwenye barabara ya Palma. Nilikuwa namjua kwa jina tu. Ni Mmakonde wa Mueda, Mkristo, mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, shati lake amelifunga vifungo mpaka shingoni hata jua liwake vipi. Yeye aliniita mwalimu, mimi nikamwita kaka Anselmo.

Asubuhi ya kuondoka mama alikuwa ameketi mlangoni anachagua mchele. Presha yake ilikuwa imepanda wiki ile na miguu imevimba. Nilimwambia nafasi yangu naweza kumpisha mtu mwingine.

"Umpishe nani?" akasema bila kuinua macho kwenye ungo. "Vita vilipoingia nimetembea kutoka Quiterajo kwa miguu hii hii, sikufa. Nitakufa leo nachagua mchele?"

Nikacheka. Akaniambia nikifika nitazame wanapika nini, maana mtu asiyejua wenyeji wanakula nini hajasafiri, amepita tu. Nikampa mkono, akaubusu, nikaubusu wa kwake. Mdogo wangu Issufo alinibebea begi mpaka kituoni. Nikamwandikia na namba ya kaka Anselmo kwenye kipande cha karatasi, ili simu yangu ikigoma ugenini wapate pa kunipigia.

Kama mjuavyo, magari ya kwenda kusini yanasafiri kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Siku ile tulifika Awasse tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri asubuhi nzima na mchana wote. Mama mmoja alikuwa anauza muhogo wa kuchemsha kwenye sufuria iliyofunikwa kanga, tukanunua, na kaka Anselmo akatoa mayai mawili mfukoni, akanipa moja.

"Wewe unajua nini juu ya Waturuki?" akaniuliza.

"Najua wafalme wao. Na wewe?"

"Najua milima yao na mito." Akamenya yai lake polepole. "Basi sisi wawili tukijumlishwa, tunapata nchi."

Ndivyo tulivyozoeana. Msafara uliondoka kesho yake, na Pemba tulifika tumejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Maputo na ndege ndefu

Maputo tulikwama siku moja zaidi. Ndege haikuja, na hakuna aliyetueleza sababu. Tulikaa kwenye viti vya uwanja, mimi nimejifunga kanga juu ya suruali kwa sababu ya baridi ya mashine zao. Dada mmoja aliyekuwa anapiga deki akatuomba tuinue miguu, kisha akauliza kwa Kireno tunatoka wapi. Nikamwambia Mocímboa da Praia. Akauegemea ufagio wake. Akanishika bega, akasema, "Força, mana," yaani jikaze, dada. Kisha akaendelea kupiga deki. Nilifikiri kwamba tangu vita jina la mji wetu limekuwa kama jina la ugonjwa: ukilitaja, watu wanakushika bega.

Istanbul

Kitu cha kwanza kilichonichanganya ni salamu. Kijana wa mapokezi hotelini, mdogo kuliko Issufo, aliniambia, "Merhaba." Mimi masikio yangu yakasikia marahaba. Nikasimama. Sijamwamkia, na hata ningemwamkia, mtoto yule aniitikie marahaba? Mhudumu wa chai naye marahaba. Dereva naye marahaba. Siku nzima nilikuwa natembea nimenuna, mpaka mwalimu wetu alipotueleza kwamba kwao ni salamu ya kawaida, ya mkubwa na mdogo.

Mwalimu huyo aliitwa Nesrin. Aliwahi kuishi Lisbon, kwa hiyo Kireno anakijua vizuri, na sisi wa nchi zinazosema Kireno tuliwekwa kwake. Kule mwalimu huitwa hoja, nasi tukamwita Nesrin Hoja, tukicheka, maana kwetu hoja ni kitu cha kubishania. Akatuandikia ubaoni maneno ya kwao, na mimi nikawa namalizia kabla hajafika mwisho: kalamu, kitabu, habari, dunia, sabuni. Akageuka, kalamu mkononi.

"Wewe umesoma Kituruki wapi?"

"Kwa mama yangu," nikamwambia, na darasa likacheka.

Jumanne alasiri, baada ya vipindi, nilimpigia mama kwenye simu ya Issufo. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa yake.

"Wanakula nini?" akauliza.

"Asubuhi mkate, jibini, nyanya, tango, na zeituni. Zeituni zina chumvi, mama, unaweza kudhani umekula bahari."

"Samaki hawana?"

"Wanao. Wanamtia ndani ya mkate."

"Samaki ndani ya mkate," akasema, kama mtu anayeonja. Akakohoa kidogo. "Haya, kata simu. Nataka kuswali."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Nilikata, kama alivyoniambia.

Jumatano asubuhi tulikuwa mezani. Simu ya kaka Anselmo ikaita, akaitazama, akainuka. Aliacha sahani yake imejaa, akatoka nje kwenye mvua bila koti. Nilimwona kupitia kioo, amesimama chini ya mti usio na majani, simu sikioni, mkono mwingine kichwani. Aliporudi shati lilikuwa limemgandia mwilini. Nikamwuliza kama nyumbani ni salama. Akasema, "Mambo ya familia." Nikamwambia pole. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Mchana ule tulipelekwa kwenye jumba la makumbusho. Ukutani palikuwa na ramani kubwa ya milki yao ya zamani, nikaifuata kwa kidole kushuka bahari ya Shamu, kushuka Yemeni, nikitafuta pwani yetu. Ramani iliishia kabla ya kutufikia. Nikampa kaka Anselmo simu yangu, nikamwambia, "Nipige hapa, chini kabisa, pale ambapo tungekuwepo. Niwatumie nyumbani." Alipiga mara tatu na mara tatu picha ikatoka na ukungu kwa sababu mikono ilikuwa inamtetemeka. Nikamcheka. Ya nne ikatoka vizuri, na ndani yake nacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana.

Picha ile niliwatumia saa ile ile. Wengi wenu mliipokea mkitoka makaburini. Simlaumu aliyenijibu kwa alama ya moyo. Sijui mimi ningejibu nini.

Kuanzia siku ile kaka Anselmo alibadilika. Alinibebea begi. Aliniachia kiti cha dirishani. Niliponyanyuka kufuata chai, nilimkuta ameshaileta. Nikiongea na simu, anasimama karibu, ananitazama usoni. Issufo nilimpigia kila siku, na kila siku jibu lilikuwa moja: mama yuko Quiterajo kwa shangazi, wanavuna, mtandao huko hakuna. Niliamini, maana kweli mtandao huko hakuna, na mama kweli ni mtu wa kwenda shambani miguu imevimba.

Lakini kaka Anselmo nilianza kumfikiria vibaya. Mimi ni mwanamke niliyeachika, yeye ni mume wa mtu, tuko mbali na kwetu. Jumamosi, tukishuka ngazi za hoteli, alinishika kiwiko nisiteleze. Nikautoa mkono.

"Kaka Anselmo, mimi ni mtu mzima. Huruma hizi zipeleke kwa mkeo."

Hakujitetea. Aliinamisha kichwa, akasema, "Samahani, mwalimu." Tangu hapo akawa anakaa viti viwili nyuma yangu, lakini bado nilihisi macho yake mgongoni.

Kijiji cha mawe

Wiki ya pili tulisafiri kwa basi siku nzima kwenda upande wa bahari ya magharibi, kuangalia kijiji kilichohamwa. Njiani Nesrin Hoja alitusomesha historia yake. Miaka mia moja iliyopita, baada ya vita, serikali ya Waturuki na ya Wagiriki zilikubaliana kubadilishana watu. Wakristo waliokuwa Uturuki wapelekwe Ugiriki, Waislamu waliokuwa Ugiriki waletwe Uturuki. Hawakuulizwa wanasema lugha gani wala wamezikwa wapi babu zao, waliulizwa dini tu. Mtu ambaye tangu azaliwe hajui neno moja la Kigiriki aliambiwa wewe ni Mgiriki, panda meli.

Niligeuka nikamtazama kaka Anselmo viti viwili nyuma. Alikuwa ananitazama yeye pia. Nadhani sote wawili tulifikiri jambo moja: ingekuwa kwetu, mimi na yeye tungepanda meli mbili.

Kijiji chenyewe kiko mlimani. Nyumba za mawe, mamia, hazina mapaa, hazina milango, madirisha yametoboka kama macho ya fuvu. Miti ya tini imeota sebuleni. Walimu wengine walipiga picha. Mimi nilikaa juu ya ukuta, kichwa kinaniuma tangu ndani ya basi. Nilikuwa nimeona nyumba za namna ile. Tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi kule Metuge, mtaa wetu ulikuwa hivyo hivyo, isipokuwa mawe ya kwetu yalikuwa meusi kwa moshi.

Chakula cha mchana tulikula chini ya mlima kwa bibi mmoja aitwaye Emine. Bibi yake mzaa mama aliletwa na meli akiwa msichana kutoka kisiwa cha Wagiriki, Mwislamu asiyejua Kituruki. Majirani walimcheka lugha yake na walimcheka chakula chake, kwa kuwa watu wa kisiwa kile wanachuma majani porini na kuyapika. Emine alitupikia majani hayo hayo, kwa mafuta ya zeituni na ndimu. Yalikuwa matamu, yanafanana kidogo na matembele. Nikala, nikasema moyoni hii nitamsimulia mama.

Wengine walipotoka nje kunywa chai, Nesrin Hoja aliniomba nibaki jikoni. Emine alikuwa ameweka sufuria motoni, anakaanga semolina, ile ngano ya chengachenga, kwa siagi. Anakoroga, anakoroga, mpaka chembe zikawa na rangi ya mchanga mbichi na nyumba nzima ikanukia. Akanipa mwiko. Nikakoroga. Akamwaga maziwa yenye sukari, sufuria ikafoka, akafunika. Halafu akainua mikono, akaniashiria niinue yangu, akaanza Alhamdu, Fatiha ile ile ya kwetu. Hapo hatukuhitaji mkalimani. Nikaisoma naye mpaka mwisho, nikidhani tunamsomea bibi yake.

Tulikula halua ile ikiwa bado moto. Kaka Anselmo alikuja akaketi pembeni yangu, naye akala, kijiko kwa kijiko. Nikaomba ya pili. Emine alinipakulia, akanikumbatia kwa nguvu, shavu lake limelowa, akasema maneno: "Bashiniz sa olsun."

"Anasemaje?" nikamwuliza Nesrin Hoja, lakini yeye alikuwa ameshatoka nje.

Kaka Anselmo akajibu badala yake. "Anakuombea kichwa chako kiwe kizima."

Nikashukuru. Nikafikiri, watu wema hawa, wamejua kwamba kichwa kinaniuma.

Angani

Tuliondoka Istanbul Ijumaa asubuhi. Nilikaa dirishani, kaka Anselmo pembeni yangu, kwa kuwa ndivyo tiketi zilivyotaka. Alisinzia. Nikatoa kijitabu cha semina, kile cha Kireno, nijiandae na somo nitakalowapa walimu nikirudi. Sura moja ilikuwa juu ya mila: kuzaliwa, kuoa, kufa. Nikasoma kuzaliwa. Nikasoma kuoa, nikapigia mstari mambo mawili ya kuwachekesha. Nikafika kwenye kufa.

Kilisema kwamba mtu akifiwa, jirani hukaanga halua ya semolina, kila aliyepo hushika mwiko na kumwombea marehemu, na harufu yake hutoka mpaka nje. Kilisema pia neno la kumpa pole mfiwa. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi zao, nikalitamka taratibu kwa midomo bila sauti. Nikalitamka tena. Chini yake tafsiri: kichwa chako kiwe kizima.

Jua lilikuwa linapiga kwenye bawa. Nakumbuka hilo, na nakumbuka kwamba mtoto kiti cha mbele alikuwa anaimba. Nikamgusa kaka Anselmo mkono.

"Yule bibi kule kijijini aliniambia nini?"

Akafungua macho. Akaona kijitabu, akaona ukurasa.

"Alikupa pole," akasema.

"Ya nani?"

"Mwalimu, subiri tufike kwetu."

"Ya nani, kaka?"

"Ya mama."

Sikulia. Mhudumu alikuja na chakula, nikapokea, nikafungua karatasi ya juu, nikaifunga tena. Nikamwuliza lini. Jumatano ile, alfajiri. Nikauliza amezikwa lini. Jumatano ile ile, adhuhuri. Nikakumbuka ramani na vidole vyake vinavyotetemeka.

"Issufo aliniomba," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu kanisani. "Alisema hata ukiondoka saa ile, maziko hutayakuta. Nikamwuliza Nesrin, naye akahesabu, safari ni siku nne. Lakini sitasema ni Issufo peke yake. Mimi pia nilitaka usijue."

"Kwa nini?"

"Baba yangu alipokufa nilikuwa njiani, upande wa Nangade, tunakimbia. Mtu akanipigia simu akanieleza. Nilikaa chini barabarani. Wenzangu wakapita, wakapita, mpaka wakaisha. Sikuwa na mtu wa kulia naye. Nikasema hata adui yangu asiambiwe msiba akiwa ugenini."

"Mimi sikuwa peke yangu," nikamwambia. "Nilikuwa na wewe."

"Ndiyo," akasema. "Hilo nimelifikiria. Nililifikiria nimeshachelewa."

"Na nilikutukana kwenye ngazi."

"Hukunitukana. Ulisema ulichokiona."

Niligeukia dirisha. Kilichoniuma wakati ule si maziko. Wengi wetu, kwa vita hivi, hatukuwazika watu wetu. Kilichoniuma ni siku zile tisa. Kwa siku tisa niliishi na mama ambaye hakuwepo. Nilimwekea habari za majani, nilimnunulia leso ya kichwa, nilimkasirikia kwa kwenda shambani na miguu yake. Nikaona nimeibiwa, na aliyeniibia ameketi pembeni yangu, amefunga vifungo mpaka shingoni, anatokwa na machozi ambayo mimi sikuwa nayo.

Kurudi kwa barabara

Sikusema naye Maputo. Sikusema naye Pemba. Alininunulia maji, nikayaacha juu ya kiti.

Msafara wa kupanda kaskazini ulitukawiza Macomia. Magari yalijipanga, abiria wakashuka, askari wakawa wanapekua mizigo mmoja mmoja. Aliyefika kwangu alikuwa mstaarabu, ana kijilafudhi cha Nampula. Alifungua begi langu, akakuta boksi la peremende zao, zile laini zilizopakwa unga wa sukari. Akaliinua.

"Hizi ni nini, mama?"

"Peremende. Za Uturuki."

"Unampelekea nani?"

"Mama yangu," nikasema. Mdomo ulijibu wenyewe.

Akaomba moja. Nikampa boksi lote. Akashangaa, akakataa, nikalisukuma kifuani kwake mpaka akalishika.

"Basi, asante," akasema. "Ukifika umsalimie mama."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia barabarani, nimekaa kwenye vumbi, mbele ya watu nisiowajua. Askari wa watu akabaki na boksi lake mkononi, hajui amenikosea nini. Kaka Anselmo alikuja akachuchumaa hatua moja kutoka nilipo, hakunigusa, akamweleza yule askari kwa Kireno maneno mawili. Askari akavua kofia. Wanawake waliokuwa kwenye lori la nyuma walishuka, wakanizunguka, mmoja akanifunika kanga yake. Kanga ile sikuirudisha. Magari yalipoanza kuungurumishwa mwenyewe aliniambia, "Nenda nayo."

Kaka Anselmo alinisindikiza mpaka mlangoni kwetu, akaweka begi chini, akaondoka kutafuta gari la Mute. Sikumuaga.

Nyumbani

Mlinipokea ninyi wenyewe, sina haja ya kusimulia kilio kile. Nitasema tu kwamba nilipoingia chumbani kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani, na ungo wake umetundikwa, na mtu amefagia vizuri sana.

Issufo alinikwepa siku mbili. Akiniona uani, anakwenda kisimani. Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya nyumba anapasua kuni ambazo zilikwisha kupasuliwa.

"Siku tisa, Issufo," nikamwambia. "Quiterajo, wanavuna, mtandao hakuna. Ulikuwa unayatoa wapi maneno hayo kila siku?"

Akaweka shoka chini.

"Siyo mimi niliyeamua. Ni mama. Alfajiri ile alisema, 'Atija msimwambie. Amalize masomo yake kwanza.'"

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

Alikuwa anatazama chini. Issufo tangu utoto anatazama chini akisema uongo, na anatazama chini akisema kweli. Usoni kwake hutapata kitu.

Bi Fátima, jirani yetu, ndiye aliyekuwa na mama alfajiri ile, na ndiye aliyemwosha. Nyumba yake na yetu zinatumia ukuta mmoja. Kila siku ananiletea uji. Ananisimulia jinsi mwili ulivyokuwa mwepesi, jinsi walivyompaka karafuu maiti, jinsi mvua ilivyokatika walipofika kaburini. Ningeweza kumwuliza: je, mama alisema neno lile? Sijamwuliza. Akisema ndiyo, nitakuwa nimepata wasia. Akisema hapana, nitakuwa nimempoteza na ndugu. Wakati nawaandikia haya, bado sijamwuliza, na sidhani nitamwuliza.

Wiki moja baadaye, asubuhi, niliona pikipiki imesimama njiani. Kaka Anselmo alishuka, na mkewe Verónica nyuma yake, amejitwisha beseni la unga wa muhogo, kuku mmoja amefungwa miguu mkononi. Walikuwa wamesafiri kutoka Mute tangu alfajiri. Mkewe alipiga hodi, wanawake wakamwitikia, akaingia ndani kwao kama mtu aliyezoea, akaketi, akaanza kulia nao. Kaka Anselmo alibaki amesimama uani, hajui aende kwa wanaume au asubiri.

Nikatoka. Nilikuwa nimejifunga kanga ya yule mama wa kwenye lori.

"Mwalimu," akasema, "kule nilikaa na wewe siku tisa, sikukupa pole hata moja. Nimekuja kukupa. Pole sana."

Kwetu mtu akikupa pole unajibu nimeshapoa. Neno hilo nilikuwa nimelijibu kwa mji mzima, kwa walimu, kwa maimamu, kwa watoto wa darasa langu waliokuja wamepanga mstari. Lilikuwa linatoka lenyewe kama pumzi.

"Bado sijapoa, kaka," nikamwambia.

"Najua."

Nikasogea nikamwachia nafasi mkekani. Akavua viatu, akaketi.